Ghorofa ya Tatu, au Nsalaga

Kiinua mgongo kimetoka. Tumekiweka mezani
kama mgonjwa aliyeletwa usiku,
tunamgusa paji la uso kwa zamu.
Ambakisye anasema: Nsalaga.
Mimi nasema: ghorofa ya tatu, hapa hapa Forest,
ngazi thelathini na nane. Nilizihesabu nikipanda,
nikazihesabu tena nikishuka,
maana magoti yana hesabu zao.

Nyumba ya Nsalaga ina vyumba vinne,
bati jekundu, kisima,
uzio wenye vipande vya chupa juu yake,
na nyuma kuna udongo mweusi
ambao mume wangu aliuchota, akaunusa,
akautia mfukoni mwa koti la kanisani.
Tangu Jumapili ile naukuta kwenye leso,
kwenye noti, katikati ya kitabu cha nyimbo.
Mtu akishatia ardhi mfukoni
utamwambia nini kuhusu bei?

"Flati," anasema, "ni kununua hewa.
Sakafu yako dari ya mtu,
dari yako sakafu ya mtu,
wewe ni nyama ya sambusa.
Na ukoo ukija na msiba, turubai utalifunga wapi?"

Turubai lile lilinikaa kooni.
Nikamwendea katibu wa wakazi,
binti mmoja, Subilaga, daftari kwapani.
"Maegesho yapo, mama, ila mwisho saa nne usiku,
na ada ya usafi ni juu yenu."
Kilio, mwisho saa nne usiku!
Nilicheka mpaka nikashika ukuta,
na ukuta ule ndio ulionisikilizisha:
upande wa pili mtu alikohoa,
kikohozi kikavu, mara tatu,
na sauti nyingine, mbali kidogo, ikauliza,
"Umekunywa dawa?"

Miaka thelathini na mmoja nimetazama makohozi
kwenye hadubini ya hospitali.
Nakijua kikohozi kilichopata wa kukisikia
na kile kilichokosa.
Nsalaga, nikianguka bafuni saa saba mchana
Ambakisye akiwa migombani,
watakaojua ni kuku.

Sikumwambia hilo. Nilimwambia tope la Machi,
bodaboda anayegoma kufika,
mlinzi wa kulipwa, bati la kupakwa rangi.
Naye hakuniambia lake. Aliniambia tetemeko,
lile lililomwaga uji,
na hati ya sehemu ya jengo, urithi wa ubishi.
Tulipanga sababu kama wauza viazi wa Mwanjelwa:
vizuri juu ya gunia,
vile vyenyewe chini.

Lakini namjua. Kwao Rungwe
migomba iligonga dirisha kila upepo ulipoamka.
Kisha miaka arobaini ya kupanga,
na hajawahi kupigilia msumari
bila kumwomba mtu ruhusa.
Huyu hatafuti vyumba vinne.
Anatafuta kupiga nyundo saa anayotaka.

Leo asubuhi, Loleza haionekani kwa ukungu,
nimemkuta kibarazani amepiga magoti
mbele ya ndoo ya rangi ya lita ishirini.
Ameitoboa chini kwa msumari wa moto,
anashindilia udongo wa mfukoni
na mwingine aliouficha sijui wapi,
na chipukizi la mgomba limesimama katikati,
limekaza shingo
kama mtoto anayepigwa picha ya shule.
Kando yake futi kamba, wazi
mpaka mita moja na nusu:
upana wa roshani ile.

"Mgomba haukui kwenye ndoo," nikamwambia.
"Hata mimi sikui tena," akajibu, hakugeuka.

Nikaingia kuchemsha chai. Fomu zote mbili
ziko kabatini, chini ya sahani za wageni.
Kalamu nimeiona. Sijaigusa.
Nikarudi na kopo la maji ya kumwagilia,
nikamuuliza, kama mtu anayeulizia bei tu na kupita,
kutoka Nsalaga hadi hospitali
siku hizi nauli ni kiasi gani.